Sura ya Tano: Kichura Bila Adhabu

Mwendo uleule unaweza kuwa adhabu asubuhi na raha jioni. Mwanafunzi aliyechelewa namba anaambiwa aruke kichura kuzunguka uwanja huku ameshika masikio, na kila anayemwona anajua kuwa amekosa. Jioni mtoto huyohuyo anaruka kichura uchochoroni na wenzake, wakishindana nani atafika mbali zaidi, wala hakuna anayehesabu amechuchumaa mara ngapi. Magoti ni yaleyale, mapaja ni yaleyale, hata uchovu ni uleule. Kilichobadilika ni kanuni: nani ameiweka, na mtoto anapata nini akiifuata. Walimu wengi wanaoanza kufundisha jimnastiki hulijua hili nusunusu. Huufanya mchezo kuwa sukari ya kumezeshea dawa: dakika tano za kukimbizana ili watoto wachangamke, kisha filimbi, mstari, na "kazi yenyewe" inaanza. Ninachotetea hapa ni kwamba kwa mtoto wa miaka minne hadi minane mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu. Kwa umri huo mchezo ndiyo kazi yenyewe, ilimradi stadi inayotakiwa iwekwe ndani ya kanuni ya mchezo, isibaki pembeni ikisubiri zamu yake.

Kwanza tukubaliane tunafundisha nini. Ukitaja jimnastiki, watu wengi huona samasoti, msamba na kusimama kwa mikono. Hayo ni matunda ya mwisho. Mkufunzi wa Canada, Keith Russell, ambaye mawazo yake yameenea sana katika mafunzo ya makocha, aliyagawa mambo yote ya jimnastiki katika mienendo michache ya msingi: kutua, kukaa tuli, kusafiri kutoka hapa hadi pale, kuzunguka, kuchupa na kubembea. Samasoti ni kuchupa, kuzunguka na kutua vikiunganishwa. Faida ya mgawanyo huo ni kwamba unamwondolea mwalimu wa chekechea hofu. Hatakiwi kumrusha mtoto hewani. Anatakiwa kuhakikisha kwamba mwili wa mtoto umezoea mienendo hiyo kila mmoja kwa namna nyingi. Kutua ndiko kunakotangulia, kwa sababu kila kinachopanda kitashuka, na sehemu kubwa ya majeraha ya jimnastiki hutokea mwili unapofika chini. Anayetua vizuri hufika kwa miguu yote miwili, vidole kwanza, nyonga na magoti vikakunjika, kifua hakianguki mbele, na kishindo ni kidogo. Kuruka na kutua pia hujenga mifupa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, watoto wa shule ya msingi huko Oregon, Marekani, waliruka kutoka kwenye masanduku ya sentimita 61 mara 100 kila kipindi, vipindi vitatu kwa wiki, kwa miezi saba. Mifupa ya nyonga na uti wa mgongo wao iliongezeka madini kuliko ya wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Mwalimu hahitaji masanduku yale. Somo lililo muhimu ni kwamba mwili wa mtoto hujibu mzigo wa kutua, mradi mzigo huo uje kwa kiasi na kwa kurudiarudia.

Hapo hapo linazuka pingamizi la kwanza, na si la kupuuzwa. Watoto wetu wanaruka na kucheza tayari. Kwa nini mwalimu ajitie katikati? Ni kweli kwamba mitaa ya Afrika Mashariki ina hazina. Mtoto wa kati katika rede, akijaza mchanga kwenye chupa huku wawili wanamlenga kwa mpira kutoka pande mbili, anajifunza kuchupa ghafla, kujipinda hewani na kutua tayari kuondoka tena. Kuruka kamba kunafundisha kuchupa kwa mpigo. Ukuti ukuti unawazungusha watoto wameshikana mikono, kila mmoja akilazimika kulinda mizani yake kati ya wawili wanaomvuta. Lakini tazama orodha ya Russell tena, uone kilichokosekana. Katika michezo hiyo miguu inafanya karibu kila kitu. Ni mara chache mikono inabeba uzito wa mwili, ni mara chache mtoto anabiringika kwa makusudi, na kuning'inia kumepungua kila mwembe au mpera ulipokatwa kupisha nyumba. Tena michezo ya mtaani humpendelea aliye mwepesi. Mzito, mwoga na mdogo hutolewa mapema na kukaa pembeni wakitazama, yaani wanaohitaji mazoezi zaidi ndio wanaoyapata kidogo zaidi. Uchambuzi uliokusanya tafiti mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2012 na Samuel Logan na wenzake ulionyesha kwamba watoto waliopewa programu za kufundishwa stadi za mwendo walipiga hatua, ilhali walioachiwa kucheza wenyewe hawakupiga hatua ya maana. Kwa hiyo sitetei kuwaachia watoto uwanja na mwalimu akaenda kusahihisha madaftari. Natetea mchezo uliotungwa.

Mchezo uliotungwa ukoje? Chukua kukimbizana kwa kawaida, ukaongeze jambo moja. Wawili wanakimbiza, wengine wanakwepa. Aliyeguswa hatoki nje. Anaweka viganja chini, ananyoosha mikono na miguu, anainua kiuno, anakuwa daraja. Na hawezi kurudi mchezoni mpaka mwenzake atambae apite chini ya tumbo lake. Sasa tazama kanuni inavyofanya kazi. Kiuno kikilegea, mkombozi hapiti, kwa hiyo mtoto anabana tumbo bila kuambiwa neno tumbo. Viwiko vikikunjika, mwenzake anamgonga, kwa hiyo anavinyoosha. Viganja vikisogea nyuma sana, anachoka upesi, na baada ya mara mbili tatu anagundua mwenyewe kwamba mikono ikiwa wima chini ya mabega inabeba kwa nafuu. Huo ndio msimamo wa mabega atakaouhitaji siku atakapojifunza kusimama kwa mikono. Mwambie mtoto wa miaka mitano akae hivyo sekunde 15 huku unahesabu, na uwezekano mkubwa ni kwamba atalalamika kabla hujafika kumi. Mwache aite mwokozi, atakaa muda huo mara nne, na akirudi mchezoni anakimbia. Huyo anayemkomboa naye anatambaa kwa mikono, kifua karibu na ardhi. Ukitaka kubadilisha kazi, badilisha daraja: kesho liwe la kaa, tumbo likitazama juu, na mzigo utahamia nyuma ya mabega.

Kwa nini kanuni inafanikiwa mahali ambapo maelezo yanashindwa? Jibu moja linatoka katika tafiti za namna watu wanavyojifunza mwendo. Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha majaribio yaliyotumia mashine inayoiga kuteleza kwenye theluji. Walioambiwa waelekeze mawazo kwenye magurudumu ya mashine walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wafikirie miguu yao. Tangu hapo matokeo ya aina hiyo yamejirudia katika michezo mingi: anayefikiria kinachotakiwa kutokea hufanya vizuri kuliko anayefikiria viungo vyake. Kwa watoto wadogo matokeo hayajaelemea upande mmoja kama kwa watu wazima, na haifai kuyatia chumvi. Lakini hata bila maabara, hebu fikiria sentensi ambayo kocha hulitamkia darasa la kwanza: kunja magoti, kaza nyonga, kifua juu, macho mbele, mikono sambamba. Ni mambo matano katika nusu sekunde ya kutua. Mwambie mtoto badala yake kwamba chui amelala na akisikia kishindo ataamka, halafu umwache aruke kutoka kwenye benchi fupi. Atakunja magoti na nyonga kwa sababu hakuna njia nyingine ya kushuka kimya. Anayesikiliza kishindo chake mwenyewe ana msahihishaji asiyechoka na asiyekaripia.

Jibu la pili ni kwamba mchezo hauji mara mbili kwa umbo lilelile. Wakufunzi wengi huamini kuwa stadi hukaa mwilini kwa kurudiwa bila kubadilika hata kidogo. Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth walilipima jambo hilo kwa watoto wa miaka 8 waliokuwa wakirusha vifuko vidogo kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi ya umbali wa futi 3 pekee. Kundi la pili lilirusha futi 2 na futi 4, bila kufanya mazoezi ya futi 3 kamwe. Walipopimwa wote kwa futi 3, kundi la pili lilishinda, ingawa umbali huo haukuwa wao. Kilichofundishwa kwa kubadilisha umbali ni kukadiria, na anayejua kukadiria hujimudu mahali papya. Mruko wa sungura unaonyesha vivyo hivyo. Mikono inatangulia ng'ambo ya kamba mbili zilizolazwa chini kama kingo za mto, kisha miguu yote inafuata pamoja. Mto unapanuka, unapinda, ukingo mmoja unainuliwa kidogo, na kila mara kiuno kinalazimika kupanda juu zaidi ya mikono. Siku moja utaona nyonga za mtoto ziko juu kabisa ya mabega yake, naye hajui kwamba anakaribia kusimama kwa mikono.

Mvutano kati ya amri na mchezo ni wa zamani kuliko shule zetu. Johann GutsMuths, mwalimu wa Schnepfenthal huko Ujerumani, alichapisha kitabu cha jimnastiki kwa vijana mwaka 1793, na miaka mitatu baadaye akatoa kitabu kingine cha michezo ya kuzoeza mwili na akili. Kwake vitu hivyo viwili vilikuwa vya nyumba moja. Karne iliyofuata ilivitenganisha. Adolf Spiess aliingiza jimnastiki ya safu na amri katika shule za Ujerumani, na mfumo wa Pehr Henrik Ling, aliyefungua taasisi yake Stockholm mwaka 1813, ulienea kwa mazoezi yanayofanywa na wote kwa pamoja kwa sauti ya mwalimu. Uingereza ilijaribu mwaka 1902 kuwapa watoto wa shule mazoezi yaliyotokana na ya jeshi, yakalaumiwa vikali, na kufikia mtaala wa 1909 michezo na ngoma vilikuwa vimepewa nafasi kwa wadogo. Shule za kikoloni za Afrika Mashariki zilirithi zaidi upande wa safu. Ndiyo maana hata leo mwalimu mzuri, asiye na ubaya wowote, huona darasa lililo kwenye mstari kuwa ndilo darasa linalojifunza. (Mchakamchaka ni mwana wa pande zote mbili: safu ni ya gwaride, lakini kinachozisukuma zile kilomita ni wimbo.)

Mstari una gharama inayohesabika. Tuseme darasa lina watoto 60, godoro moja, na kipindi cha dakika 30. Kila mtoto akitumia sekunde 20 kufika, kubiringika na kuondoka, zamu moja ya darasa zima inakula dakika 20. Dakika 10 zilizobaki zinakwenda kwenye kupanga mstari na kutoa maelezo. Mtoto amefanya mazoezi sekunde 20, amesimama karibu nusu saa, na wakati wa kusimama hakukaa bure: amemsukuma aliye mbele, amemcheka aliyeanguka, na aliye mwoga amepata muda wa kutosha kuiva kwa hofu. Linganisha na pendekezo la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2019, kwamba mtoto wa miaka mitatu na minne apate angalau dakika 180 za shughuli za mwili kwa siku, 60 kati yake ziwe za kumtoa jasho. Kwa mtoto wa miaka mitano na kuendelea, wastani unaotakiwa ni dakika 60 za kumtoa jasho kwa siku. Mchezo wa daraja unawashughulisha wote 60 kwa wakati mmoja bila godoro hata moja. Kwa shule nyingi za Tanzania na Kenya hoja hii peke yake inatosha, hata ukizikataa nyingine zote.

Kubiringika ndiko kunakodai uangalifu zaidi, na ndiko ambako nawaunga mkono wapinzani wa michezo kwa sehemu. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kwa kulinganisha na mwili wake: kwa mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wote, kwa mtu mzima ni kama sehemu ya nane, na wa miaka mitano yuko katikati. Shingo yake haijawa na nguvu ya kubeba mzigo huo ikiwa utosi ndio utakaogusa chini. Kwa hiyo ngazi zipandwe kwa mpangilio. Huanza gogo: mtoto amelala amenyooka, mikono juu ya kichwa, anabiringika ubavu kwa ubavu, na wawili wakipewa mpira waushike katikati ya mikono yao usidondoke, hujifunza kuunyoosha mwili mzima kwa pamoja. Hufuata yai, magoti yamekumbatiwa kifuani. Kisha bembea ya mgongo, kutoka makalio hadi mabega na kurudi, mpaka mtoto aweze kuinuka asimame bila kushika chini. Hapo tu ndipo kubiringika mbele kunakuja, tena kwenye mteremko mdogo wa mchanga au godoro lililoinuliwa upande mmoja, ili uzito ujisukume wenyewe na mikono ipate nafuu. Jani likiwekwa chini ya kidevu na sharti likawa lisidondoke, kidevu kitabaki kifuani na mgongo utakuwa mviringo. Kanuni bado inafundisha. Lakini mbio hapana. Mashindano ya kupokezana ambamo kila mtoto anabiringika haraka ili timu ishinde ni mchezo mbaya, haijalishi unachekesha kiasi gani, kwa sababu kanuni yake inalipa haraka na kuadhibu umakini. Na mtoto mwenye Down syndrome asibiringike kabla daktari hajaikagua shingo yake, kwani baadhi yao viungo vya juu ya shingo vimelegea.

Wapo watakaosema kwamba yote haya ni ya kulea tu. Bingwa hatoki kwenye daraja la kaa. Samaki mkunje angali mbichi. Watakutajia Nadia Comaneci wa Romania, aliyepata alama 10 kamili mjini Montreal mwaka 1976 akiwa na miaka 14, na sarakasi zetu wenyewe, zilizopata mizizi baada ya vijana wa Kitanzania kupelekwa China miaka ya 1960 na kurudi kuunda kikundi cha taifa. Nidhamu ya chuma, watasema. Sikatai kwamba kuna ngazi ambayo haifikiwi bila kazi ngumu na ya kuchosha. Lakini waliopelekwa China walikuwa vijana waliochaguliwa, hawakuwa darasa zima la chekechea. Na kuhusu Comaneci, simulizi ambayo kocha wake Béla Károlyi mwenyewe aliipenda ni kwamba alimwona kwanza akijipindua ubavu kwa ubavu uwanjani, wakati wa mapumziko ya shule. Simone Biles wa Marekani aliingia kwenye ukumbi wa jimnastiki mara ya kwanza akiwa na miaka sita, katika matembezi ya kituo chake cha kulelea watoto, akaanza kuiga alichokiona. Mabingwa wawili hawathibitishi kanuni, na sivitumii visa hivyo kuithibitisha. Vinatosha tu kumnyima mpinzani haki ya kusema kwamba historia iko upande wake. Shirikisho la kimataifa la jimnastiki lenyewe lilipandisha umri wa wanawake kushiriki mashindano makubwa hadi miaka 16 mwaka 1997. Ama methali ile, kuna makocha wanaoichukua neno kwa neno na kumkandamiza mtoto mabega mpaka msamba uguse sakafu huku analia. Mifupa inayokua ina sehemu laini kwenye ncha zake, na misuli inayovutwa kwa nguvu huzivuta sehemu hizo pamoja nayo. Huko ni kuumiza, na bingwa hahitaji hivyo.

Mengine yanayosemwa ni ya kumalizwa upesi. Nidhamu? Mchezo wenye kanuni una nidhamu kali kuliko filimbi, kwa kuwa wanaoisimamia ni watoto wenyewe, na hawasamehe. Vifaa? Mchanga wa ufukweni au wa kumwagwa uwanjani, kamba, majani na benchi la darasani vinatosha kwa miaka yote minne ninayoizungumzia, ila mchanga uchekechwe vigae na misumari kabla watoto hawajafika. Stara ya wasichana? Suruali au kaptula ndefu chini ya sare, mtandio ubanwe vizuri, na mchezo uendelee. Shule inayowaacha wasichana pembeni kwa sababu ya sketi imefanya uamuzi kuhusu sketi, na uamuzi huo hubadilika kwa barua moja kwa wazazi.

Mpaka wa hoja yangu uko mahali panapoonekana. Mtoto anapotaka kujipindua nyuma, kusimama kwa mikono akiwa peke yake mbali na ukuta, au kuruka samasoti, mchezo umekwisha kazi yake. Hapo panatakiwa mkufunzi aliyesomea, magodoro, mikono ya mtu mzima inayojua pa kushika, na mtoto mmoja kwa wakati mmoja. Mwalimu wa kawaida anayejiingiza huko kwa kuamini kwamba mchezo utamsaidia anacheza na shingo za watoto wa watu. Kabla ya hapo, uwanja ni wake. Kwa hiyo, mwalimu, kipindi kijacho chagua mtoto mmoja, yule asiyekimbilia mbele, ushike saa na uhesabu dakika ambazo mwili wake unafanya kazi tangu kipindi kuanza hadi kengele. Zikipungua 15, mchezo wako haujatungwa bado. Badilisha kanuni, usimbadilishe mtoto.